Damu kwenye fizi haiji na bage

Jumamosi moja mtoto wa dada yangu alikuja kulala kwangu Katindo, hapa Goma, na asubuhi yake nikamkuta kwenye pembe ya parseli, uwanja wa nyumba, anapiga mswaki juu ya beseni nyeupe, kikombe cha maji kando yake, na alichokuwa anatema kilianza pinki halafu kikawa nyekundu kabisa. Ana miaka 14, bage, zile chuma za kunyoosha meno, ziko kwa meno yake tangu 2024. Nikamwambia njoo kwenye mwanga, fungua kinywa. Fizi za chini zilikuwa zimevimba mpaka zimepanda juu ya chuma, kwa yale meno manne ya mbele ulikuwa unaona nusu ya bage tu, nusu ingine imefunikwa na nyama nyekundu inang'aa kama imepakwa mafuta, na nyuma kwenye gego lenye lina pete kulikuwa na kitu cha njano kimelala kando ya fizi, laini, kama unga wa muhogo uliolowana. Nikamuuliza, hii damu ni tangu lini? Akajibu bila wasiwasi wowote, "Mama mudogo, ni kawaida, bage zinatoshaka damu."

Hilo jibu ndilo limenifanya niandike. Si lake peke yake, nimelisikia kwa wazazi wa wenzake wa shule, nimelisikia kwa vijana wa mtaa wa Himbi wenye wamewekewa bage wakiwa na miaka 25, na mara moja nimelisikia kwa mtu amevaa koti jeupe, tena alikuwa analisema ili kumtuliza mgonjwa. Mimi nasema hapana. Meno kuuma siku tatu nne baada ya kukazwa waya, mtoto akala uji tu, hiyo ni kawaida. Waya kuchoma shavu, kawaida pia. Lakini fizi kutoa damu kila asubuhi miezi na miezi ni ugonjwa, una jina, jenjiviti, yaani uvimbe wa fizi, na sababu yake inajulikana vizuri na sababu hiyo si chuma.

Mimi si dantisti, daktari wa meno, niseme mapema. Kazi yangu ni labo, siku nzima naangalia gutepesi, matone ya damu ya kupimia malaria, mpaka macho yanachoka. Kwa hiyo nilifanya kile mtu wa labo anaweza kufanya: Jumatatu nikamwita apite kazini akitoka shule, nikachukua kijiti safi, nikakwangua kidogo sana ya ile njano kando ya pete, nikaichanganya na tone la maji ya chumvi kwenye lami, kile kioo chembamba cha mikroskopu, nikafunika, nikapunguza mwanga wa mikroskopu, nikamwambia angalia. Alikaa kimya muda mrefu. Mle ndani kila kitu kilikuwa kinatembea. Vijiti virefu vinapita haraka kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, usiku chini ya taa ya wavuvi, vingine vimejikunja kama springi vinajipinda vinaenda mbele vinarudi, na katikati yao chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimelala nyingi. Zile za springi ndizo zilinitia wasiwasi. Kwenye fizi nzima huwezi kuzikuta kirahisi hivyo, utaona vidoti vidoti vimetulia na vijiti vichache. Zikijaa, ujue kuna fasi hewa haifiki.

Kuona vitu hivi si ugunduzi wa jana. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa kule Delft, Uholanzi, alikwangua katikati ya meno yake mwenyewe akaweka chini ya lenzi yake, na mwaka 1683 akaandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kwamba ameona vinyama vidogo vinatembea. Zaidi ya miaka 340 imepita na bado tunawaambia watoto ni chuma.

Bage haileti mikrobe. Sayansi imehesabu zaidi ya aina 700 za bakteria zenye zinaishi kwenye vinywa vya watu, si zote kwa mtu mmoja, na nyingi hazimsumbui mtu. Chenye bage inafanya ni kuwajengea. Jino tupu ni kama ukuta laini, ulimi unapita, mate yanapita, shavu linafuta. Sasa bandika pale kipande cha chuma na gundi imebaki pembeni kidogo, pitisha waya, funga lastiki, zungusha pete kwenye gego mpaka chini karibu na fizi: umejenga Birere nzima, ule mtaa wetu wenye msongamano, kichochoro ndani ya kichochoro, na mswaki wa kawaida unapita barabara kubwa tu.

Na wakaaji wanaingia kwa zamu. Ukimaliza tu kusafisha, mate yanaacha ngozi nyembamba sana juu ya jino, na bakteria zinaitwa streptokoki ndizo za kwanza kujishika pale. Hizo hewa haiwasumbui. Ukiziacha siku moja, mbili, tatu, zinaongezeka, zinamaliza hewa ya chini, na hapo ndipo wanapata nafasi wale wenye hawaipendi hewa kabisa. Kuna mmoja mrefu mwembamba, Fusobacterium nucleatum, kazi yake ni kama daraja, huku anashika waliotangulia huku anashika wanaokuja nyuma. Wanaokuja nyuma ndio wabaya: Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia, Treponema denticola. Sigmund Socransky na wenzake wa Boston, mwaka 1998, waliwaweka hao watatu pamoja wakawaita kundi jekundu, juu ndio wanakutwa sana fasi yenye fizi inatoka damu na mfupa unaliwa. Ile springi tuliyoiona kwenye lami ni ya ukoo wa huyo wa tatu.

Sasa kitu hiki naomba mzazi akisome polepole. Porphyromonas gingivalis hawezi kuishi bila madini ya chuma yaliyo ndani ya damu. Ile damu mtoto anaitema kwenye beseni asubuhi, ndicho chakula chake, na usiku mzima alikuwa anakula. Fizi ikivimba inapanda, kile kifuko kati ya fizi na jino kinakuwa kirefu zaidi, kikiwa kirefu ndani ni giza na hewa hakuna, hewa ikikosekana wabaya wanazidi, wakizidi fizi inavimba tena, na ikishafunika bage mswaki haufiki hata mtoto akitaka kwa moyo wote. Ile harufu ya yai bovu yenye wenzake shuleni wanaanza kumkimbia ni gesi ya salfa, bakteria hao wanaitoa wakila protini. Halafu ongeza umri, juu bage nyingi zinawekwa wakati wa kubalehe, na kuna bakteria ingine, Prevotella intermedia, yenye inaweza kukua kwa kutumia homoni zenyewe za msichana. Fizi za miaka 14 ziko tayari kuwaka hata bila waya. Sisi tunamfunga waya, tunamnunulia mswaki mmoja wa soko la Virunga, tunasema Mungu akulinde.

Wenye bado wanaamini kosa ni la chuma, nawapa jaribio moja la zamani. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, waliomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno kabisa. Hakuna bage, hakuna waya, hakuna kitu. Ndani ya siku 10 mpaka 21 wote 12 walikuwa na jenjiviti. Wakarudia kusafisha, na kwa karibu wiki moja fizi zikarudi sawa. Wote! Mimi kila nikikumbuka ile wiki moja naona hasira, naona na matumaini, juu mtoto wetu amebeba miezi kitu chenye kingeweza kuanza kupona kwa siku saba.

Lakini kuponyeka huko kuna mwisho wake. Jenjiviti inarudi nyuma, ikivuka ikafika kwenye mfupa wenye unashika jino, ule mfupa haurudi. Na kusukuma jino ndani ya fizi yenye inaoza ni kuharakisha, juu jino linatembea kwa sababu mfupa unavunjwa upande mmoja na kujengwa upande mwingine, karibu milimita moja kwa mwezi, sasa ukiwa na moto pale pale wa bakteria, upande wa kujenga unashindwa. Ndio maana naona ni kosa kubwa, si kosa dogo, kukaza waya kwa mtu fizi zake zinatoka damu. Waya isubiri. Asafishwe kwanza, afundishwe, arudi baada ya wiki mbili tatu, fizi zikiwa zimetulia ndipo akazwe. Hata kama mzazi analalamika kwamba muda unaongezeka.

Kuna mtu atasema basi bage ni mbaya, tuache. Hapana, na hapa lazima niwe wa haki. Mwaka 2008 Anne-Marie Bollen na wenzake kule Marekani walikusanya tafiti zenye zimelinganisha watu walionyooshewa meno na wenye hawakunyooshewa. Walikuta kwa wastani mfupa umepungua milimita 0.13 zaidi, na kifuko cha fizi kimeongezeka milimita 0.23. Hiyo ni unene wa nywele mbili tatu. Ni kidogo kweli. Ila walisema pia hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba kunyoosha meno kunaleta afya ya fizi, kwa hiyo yule mwenye anakuuzia bage akisema ni kwa ajili ya fizi zako, muulize vizuri. Na mimi nikisoma namba hizo nafikiria kitu kingine: ni za watu wenye walifika mwisho wa matibabu. Wenye randevu yao, miadi ya daktari, ilikatikia katikati hawaonekani mle.

Huku kwetu randevu inakatika. Mwezi wa kwanza 2025 vita vilipoingia mjini, umeme ukapotea, maji yakapotea, benki zikafungwa, watu wakakimbia kila mtu na upande wake. Kabine ya meno yenye ilikuwa inamfuata mtoto wetu ilifunga mlango, na ilipokuja kufungua, dantisti mwenyewe alikuwa ameshahama. Miezi mitano hakuna mtu aliyegusa ile waya. Na waya haijui kama kuna vita, yenyewe inaendelea kusukuma. Lastiki zenye zingebadilishwa kila wiki nne au sita zilikuwa za kahawia, zimelegea, zimejaa utando. Dada yangu alikuwa amelipa dola zote mwanzoni, tena si kidogo, na kwenye karatasi aliyosaini hakukuwa hata mstari mmoja unasema itakuwaje daktari akiondoka. Nani atoe bage? Nani ana picha za kwanza, rade (picha za eksirei), mpango wa matibabu? Tulizunguka na mtoto kama tunatafuta kazi. Moja akasema yeye hagusi kazi ya mtu mwingine, mwingine akasema turudi kwa aliyeanza.

Kwa mji kama Goma, naona mpango wa kukatika uandikwe kabla ya bage ya kwanza kubandikwa. Mzazi aondoke na kopi ya rade na picha, mkononi. Ijulikane dantisti wa pili ni nani. Na kama hakuna wa kumfuata mtu kwa miezi mitatu na fizi ziko vile, bage zitolewe, meno yarudi kidogo nyuma, si kitu, yataanzwa tena. Mfupa ndio hauanzwi tena. Na wenye wanaenda Kigali au Kampala kuwekewa halafu wanarudi kuishi huku wajiulize swali hilo hilo, juu barabara ya randevu inapita mpakani. Wale wa bage za urembo zenye zinabandikwa na mtu hajasoma meno, sina mengi ya kusema, kimbieni.

Nigusie na madoa, juu kwetu yanachanganya watu. Bakteria kama Streptococcus mutans wakipata sukari wanatoa asidi, na pH, kipimo cha asidi chenye kinashuka asidi ikizidi, ikifika chini ya 5.5, enameli, lile gamba gumu la jino, inaanza kupoteza madini. Pembeni ya bage, kwa mtu hasafishi, doa jeupe kama chokaa linaweza kuonekana ndani ya wiki nne tu. Siku bage zinatolewa unaona jino limenyooka na lina alama kama ya stempu. Na huku Goma kila doa kwenye jino tunasema ni maji ya volkano. Ni kweli moshi wa Nyiragongo unabeba floridi, inashuka na mvua mpaka kwenye matanki ya watu, na kwa vijiji vya kando ya mlima meno yenye madoa ya kahawia yanajulikana. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha floridi kwenye maji ya kunywa kwa miligramu 1.5 kwa lita. Lakini doa la volkano linaundwa utotoni jino likiwa bado linajengwa chini ya fizi, linakuja kwa meno mengi, kushoto na kulia yanafanana, na lilikuwepo kabla ya bage. Doa la uchafu linazunguka ile fasi ya bage, zaidi upande wa fizi. Kwa hiyo picha ya meno ya karibu, ya simu hata, kabla ya kuanza, ni kinga ya mzazi na ya daktari pia. Na msiogope dawa ya meno yenye floridi kwa mtoto wa miaka 14 eti itaongeza madoa, enameli ya meno yake ya mbele ilishamaliza kujengwa zamani, sasa floridi inamlinda.

Watu wazima wenye wanataka bage, neno moja. Mwanya wa kuzaliwa nao ni uzuri, huku kwetu tunaupenda. Lakini mwanya wenye umekuja na miaka 35, 40, jino lilikuwa limesimama sawa halafu linaanza kwenda mbele na kulegea, huo usiende kuufunga na waya kwanza. Mara nyingi ni mfupa umeshaliwa na fizi ndio mgonjwa. Upimwe vifuko, milimita 1 mpaka 3 bila damu ndiyo hali nzuri, ikizidi hapo na inatoka damu utibiwe fizi, bage baadaye.

Sasa kusafisha. Najua jibu la kwanza ni maji, bidoni inabebwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, tunahesabu kila kikombe. Nimepima nyumbani kwangu: kikombe kimoja kinatosha na kinabaki. Tena ukimaliza usisuuze na maji mengi, tema tu, ile floridi ibaki ifanye kazi. Kinachotakiwa zaidi ni muda na kona. Nyuzi za mswaki laini zielekezwe kwenye fizi, zimelala nusu, nusu kwenye fizi nusu kwenye jino, unatikisa polepole jino kwa jino, halafu juu ya bage kutoka juu, halafu kutoka chini, halafu kile kibrashi kidogo kama cha kusafishia chupa kinapita chini ya waya, kati ya bage na bage. Kibrashi hicho kwenye famasia za mji hakipatikani kila siku. Mtoto wetu tulimpa mswaki wa mtoto wa miaka miwili, kichwa kidogo, unaingia nyuma kwenye magego ambako ule mkubwa ulikuwa unagonga shavu. Usiku kabla ya kulala ndio wa muhimu kuliko yote, juu mate yanapungua mtu akilala na bakteria wanabaki peke yao na chakula. Maji ya chumvi yanatuliza, hayaondoi utando. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini inaua kweli, lakini ni ya wiki mbili hivi kwa kuelekezwa, ukiendelea nayo meno yanakuwa ya kahawia, na utando mzito haiupiti mpaka kwanza uukwangue. Na kama damu inatoka ndio usiache kupiga mswaki pale! Huyu mtoto alikuwa anaruka zile fasi zenye zinatoka damu, alidhani anazionea huruma.

Tulimpata dantisti mwingine mwishowe, mama mmoja mwenye alikubali bila maneno mengi. Alitoa zile pete mbili za magego akabandika virija vidogo badala yake, vyenye havigusi fizi, akatoa ugaga uliokuwa umekauka mgumu nyuma ya meno ya chini, akatoa waya, akasema waya itarudi siku fizi zitakuwa zimetulia. Na alifanya kitu natamani wote wafanye: alimpa mtoto kioo mkononi, akampaka rangi yenye inashika kwenye utando, akamwacha ajione mwenyewe vile kinywa kizima kimekuwa zambarau, akamwambia piga mswaki mpaka rangi iondoke, mimi nitakungoja. Ilichukua dakika kumi na mbili, niliangalia saa.

Wiki tatu baadaye alikuja labo tena, si mimi nilimwita. Fizi zilikuwa zimeshuka, bage za mbele zinaonekana nzima isipokuwa moja ya upande wa kulia bado ina kauvimbe, na nilipokwangua fasi ile ile kwenye gego nilipata kidogo tu, ilibidi nirudie mara mbili nipate cha kuweka kwenye lami. Nilizunguka nayo, naona vidoti, naona vijiti vimesimama, nikaanza kumwambia zimeisha. Akaniomba kiti, akainama kwenye mikroskopu, akasogeza mwenyewe polepole vile nilimfundisha, akasema, "Ngoja, Mama mudogo, iko imoja hapa kwa kona." Nikaangalia. Ilikuwepo kweli, springi moja, inajipinda peke yake. Akauliza ile dantisti anafunguaka saa ngapi siku ya Jumatatu.